Uzito Mkavu

Miaka kumi na mmoja nimepima maharagwe
soko la Rwebikoona, kwa mizani ya sahani mbili.
Naijua hila ya kidole gumba,
nazijua punje zilizoloweshwa usiku ili asubuhi ziwe nzito,
na jicho la mteja asiyeamini mpaka mshale utulie.
Kisha figo zangu zikafunga duka,
moja kimyakimya, ya pili bila hata kuaga,
na mimi nikawa gunia.

"Panda," husema Sista Kobusingye.
Navua ndara. Navua kitenge, nabaki na gauni.
Kila mgonjwa wa mashine ana uzito mkavu:
ule ulio wake, maji ya kuazima yakishatolewa.
Wangu ulikuwa hamsini na mbili.
Hamsini na nne nikija, hamsini na mbili nikienda,
Jumatatu na Alhamisi, hesabu imefungwa.

Hadi mwezi ule mizani ilipokataa.
Tulidhani ni chumvi. Tukadhani ni uchovu wa mashine.
Hedhi ilikuwa imenisahau miaka miwili,
nani angeiulizia?
Dokta Nuwagaba alipitisha kifaa tumboni,
akanyamaza kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Alisema kweli, hakuipaka sukari:
presha inaweza kupanda usiku mmoja,
mtoto anaweza kutoka kabla hajaiva,
tunaweza kukupoteza, na si lazima uendelee.
Akatupa siku tatu za kufikiri.
Nilitumia moja.

Dawa ya presha ikabadilishwa, ile ya zamani humdhuru mtoto.
Sindano za kuongeza damu zikazidishwa.
Safari mbili kwa wiki zikawa sita.
Katabarwa aliuza mashine yake ya kuchomelea
anunue saa za mashine yangu;
siku hizi huunga mageti ya watu
kwa mashine ya kukodi, na jioni haongei sana.

Lakini sikia jambo la kuchekesha:
damu ikioshwa kila siku, ulimi hutolewa kifungoni.
Mimi niliyechemsha matoke mara mbili na kumwaga maji yake,
niliyepima kiu kwa kikombe cha kahawa,
nikaambiwa: kula.
Nilikula ndizi mbivu mbele ya lango la hospitali,
nikala na ya pili, maganda mkononi,
nikilia kama mwizi aliyesamehewa.

Na kila Jumatatu, ugomvi wa mizani.
Nusu kilo imeongezeka: ya nani?
Dokta anasema robo ni mtoto, robo ni maji.
Sista anabonyeza kifundo cha mguu wangu,
anatazama shimo linavyochelewa kujaa,
anasema maji zaidi.
Wakitoa mno, presha itaanguka na yeye atakosa pumzi.
Wakiacha mno, mapafu yangu yatazama.
Mimi nimelala, damu inatoka nyekundu, inarudi nyekundu,
nawasikiliza wakigawana mwili wangu kwa gramu,
nawakumbuka wateja
niliowahi kuwapunja punje kumi, ishirini.
Nisameheni. Sikujua gramu ni kitu gani.

Wiki ya thelathini na mbili kichwa kiliniuma kwa namna mpya.
Hawakusubiri kukuche.
Alilia sauti ya mlango usiotiwa mafuta.
Wakamlaza kwenye mizani ndogo,
nami, tumbo bado halijashonwa likaisha,
nikageuza shingo nione, kama mteja mbishi.
Kilo moja na robo.
Hakuna maji ya kuazima. Hakuna kidole gumba.

Sasa yuko ndani ya kioo, kofia imemzidi,
na mimi niko mashine ya pili kutoka dirishani.
Kesho watampima tena. Na mimi pia.
Dokta haahidi. Sista haahidi.
Ila siku njema nami niliwapa watu, ee Mungu, bila kuombwa,
konzi ya mwisho juu ya kilo.
Leo naomba mimi.
Nyongeza.