Wa Tatu

Kwetu jina ni hesabu.
Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale,
wa tatu Masereka. Hakuna anayechagua.
Ndiyo maana hukuhitaji kuambiwa na jirani.
Ulifundishwa kuhesabu na mwalimu Ithungu,
ukarudi na vizibo vitatu vya soda mfukoni,
ukavipanga mezani kando ya chumvi:
“Huyu Baluku. Huyu mimi.
Wa katikati yuko wapi?”

Mama yako akainuka kwenda kuchochea moto
uliokuwa umezimika tangu alasiri.
Mimi nikakohoa.
Hivyo ndivyo baba yangu alivyonilea:
mwanamume akibanwa na kilio, na akohoe.
Kisha nikasema, “Amelala.”
Neno dogo, laini, kama pamba ya sikioni.
Niliona linatosha.
Nikamaliza ugali wangu wa muhogo, nikanawa.

Usiku huo ulikataa kufumba macho.
Uliofuata pia.
Wa tatu ukasinzia alfajiri,
ukaamka katikati ya ziwa lako mwenyewe.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Sisi tulificha kilio chenyewe,
likaja godoro kutufichua,
kila asubuhi juu ya ua wa michongoma,
barabara nzima ya Kilembe ikilisoma.

Nikakuchapa.
Nalitia na hili humu, nisije nikakumbuka mazuri matupu.
Mara mbili, kwa ufito wa mkahawa.

Sista Kyakimwa wa zahanati hakuandika dawa.
Alikupa bomba tupu la sindano ulichezee,
akanigeukia:
“Mtoto huyu ameambiwa nini kuhusu usingizi?”
Nilitafuta kikohozi. Hakikuja.

Jumamosi tukakaa kwenye turubai, tukichambua buni.
Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana.
Maneno niliyoyapanga njiani
kama mtu anayekwenda kuomba mkopo
yalinipotea yote, likabaki moja.
“Bwambale alikufa.”

“Kufa ni nini?”

“Mwili unaacha. Haupumui, hausikii baridi, hauamki.
Si kulala. Nilikosea kusema analala.
Anayelala huamka. Wewe ukilala, utaamka.”

Ukatupa punje mbovu. Ukatupa na nzima.

“Nani alimfanya?”

“Mto. Nyamwamba ulishuka usiku na mawe yake.
Mkono huu ulimshika mama yako,
nawe ulikuwa tumboni mwake.
Huu ulimshika Baluku.”

Ukaichukua mikono yangu, ukaigeuza
kama mnunuzi anayekagua mzigo.
Moja. Mbili.
Ukarudia, labda ulikosea.
Moja.
Mbili.

Nilingoja uniulize lile swali
ambalo hujiuliza kila mvua ikinyesha milimani.
Wewe ukauliza:
“Alikuwa na viatu?”

“Ndala. Za kijani.”

“Ziko wapi?”

Sikujua. Miaka sita, sikuwahi kujua.
Sauti ikatoka mlangoni, ya mama yako,
kavu kama mlango wa ghala:
“Ya kushoto ninayo.”

Akaileta, imefungwa kwenye kitambaa cha mkate.
Ukaivaa. Ilikutosha, ikabaki nafasi ya kidole kimoja.
Kikohozi kikanijia hapo;
nikakiacha kiwe kile kilichokuwa tangu mwanzo.
Ulinitazama sana.
Kisha ukanipangusa kwa kiganja chenye vumbi la kahawa,
na uso wangu ukachafuka zaidi.

Godoro lililowa tena usiku ule.
Tulilibeba wote wawili, wewe kichwani, mimi miguuni,
tukawaamkia majirani kwa majina yao.
Jumanne lilikuwa kavu.
Jumatano, hapana.

Jana umeniuliza mto hulala saa ngapi.
“Sijui,” nikasema. “Vaa sweta.
Twende tukausikilize kutoka juu, penye daraja,
mimi nimekushika.”
“Kwa mkono upi?”
“Yote miwili.”