Sanduku la Saba

Walipanda ngazi pamoja, hawasemezani:
Mzee Shekue na kofia yake ya viua,
Bwana Twalib na bahasha ya plastiki kwapani.
Nabhan anaoa Bremen mwezi ujao,
na ubalozi wataka karatasi kwa Kijerumani.
Chini, fundi wa kufuli wa Barabara ya Digo
alikuwa akichonga funguo, meno yaliniuma.

Sanduku la saba: uhusiano wako na mwalikaji.
"Mjomba," akasema Shekue, akajiweka sawa.
"Ami," akasema Twalib.
Nikaandika Onkel. Nikavuta fomu ya pili,
nikaandika Onkel.

Twalib ana macho kuliko miwani yake.
"Huyu umemwandika kama mimi?
Huyu ni wa kwa mama!
Aliyemtia mtoto kumbini ni nani?"
"Na aliyelipa karo?" Shekue akaiuliza dari.

Feni ilisita. Nikaona afadhali niwape kisa kuliko maji.

Wajerumani nao, nikasema, walikuwa nanyi nyote wawili.
Ndugu wa mama aliitwa Oheim,
jina lenye babu ndani yake.
Ndugu wa baba aliitwa Vetter,
ubao wa gogo moja na Vater, baba.
Hapana aliyekalia kiti cha mwenzake.
Kisha likaingia neno la Kifaransa, limepiga pasi,
wakubwa wakalipenda, watoto wakaliiga.
Oheim akabaki vitabuni, hana wa kumwamkia.
Vetter hakufa, aliteremka:
leo ukimwita mtu Vetter
umemwita binamu.

Twalib alinyamaza kama anayehesabu chenji.
"Binamu," akasema polepole. "Bin. Ami.
Kumbe hata kwetu nipo humo,
nimebebwa mgongoni na mwanangu."

"Na hilo ami lenyewe mlipewa na Waarabu,"
Shekue akadakia.
"Na hilo Onkel je? Lilizaliwa wapi?"

Hapo nilitamani fundi aendelee kelele zake.
Kilatini, nikasema. Babu mdogo.
Upande wa mama.

Shekue alicheka hata kofia ikamdondoka.
"Wasikia, Twalib? Umeandikwa mjomba!"

Nikagonga muhuri, mara mbili.
Mia tano kwa fomu.
Twalib akafungua bahasha, akatoa noti ya elfu,
akailaza mezani pasi na kuniangalia:
"Kata na ya huyu mjomba mwenzangu."

Ngazini nikawasikia tena, sauti juu,
wakigombania kiti cha dirishani.