Kadi ya Mutter

Winifred Ogle wa Grimsby alifasili maneno
miaka thelathini, mezani pa jikoni,
kila neno na kadi yake.
Mutter: kusema chinichini, aghalabu kwa kinyongo.
Mumble: kusema bila kufumbua mdomo sawasawa.
Akaona yametosha.

Kisha Cuthbert akapata kiharusi;
ulimi ukamlalia upande
kama mbwa mgonjwa mlangoni.

Leo asubuhi katoa kitu,
si neno, si kikohozi,
macho yakielekea kwenye buli.
Winifred kamimina chai. Kaongeza sukari.
Mume katikisa kichwa.
Maziwa? Dirisha? Hii mvua?
La.
Alikuwa anamwita yeye.

Usiku aliitafuta kadi ya zamani,
akalifuta neno kinyongo,
kalamu ikabaki hewani,
chai ya pili ikipoa.