Kisanduku cha Saba

Nilitumwa Tokoroa, kiwanda cha mbao,
na kalamu mbili na fomu ya kurasa tisa,
nikapime kila kazi inadai kusoma kiasi gani:
nani lazima asome lebo, nani saa tu,
nani ajue kugawanya, nani atosheke na kujumlisha.
Mimi ni mtu wa orodha. Sikuona ubaya.

Julai, baridi ya kuuma meno,
ukungu umelalia magogo ya msonobari.
Misumeno ikanikata maneno mdomoni.
Ngaire Hoskyn, msimamizi, akanivika kofia ngumu,
akanipigia kelele sikioni:
"Hapa hakuna kusoma! Hapa ni mbao tu!"
Nikaandika na hilo.

Kisha macho yakazoea.
Kila ubao una muhuri: namba, herufi, namba.
Kwenye tanuri, unyevu uwe kumi na mbili kwa mia, si kumi na nane,
la sivyo mlango wa mtu huko Taupō
utagoma kufunga msimu ujao.
Dawa ya kuzuia kuoza: sehemu moja, maji sehemu arobaini,
na anayekosea hesabu hii
hapigiwi mkasi wa wino mwekundu,
anachubuka mikono.
Humu hesabu ni kama vumbi la mbao,
watu wanaivuta puani bila kuitaja jina.

Teremoana ana miaka ishirini na sita kwenye mkanda wa kupanga.
Akapitisha kiganja juu ya ubao: "Kumi na nne."
Kipimo cha umeme kikasema kumi na nne na nusu.
"Hiyo nusu," akasema, "ni ya mashine."
Nikamuuliza anavyohesabu mafungu.
Akanionyesha chaki yake ukutani:
vijiti vinne, cha tano kimelazwa juu yao;
ndoano, ambayo ni mia;
na kasa mdogo, ambaye hakunieleza.

Nikampa fomu.
Akaitazama kwa adabu,
kama mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu asiyemjua,
akasema kengele ya chai imelia.
Haikuwa imelia.

Jioni nikafungua faili la ajali.
Kisanduku cha saba: Eleza kilichotokea.
Machi, mguu: Niliteleza karibu na mashine ya tatu.
Septemba, kidole gumba, nyuzi sita:
Niliteleza karibu na mashine ya tatu.
Kibanzi jichoni, mwaka uliofuata:
Niliteleza karibu na mashine ya tatu.
Mwandiko uleule, wa taratibu,
kila herufi imechorwa.
Na kampuni, kwa kujali,
ilibadilisha sakafu ya mashine ya tatu mara mbili.

Wepesi wa ulimi watasema hajui alifu wala be.
Be yake ni nzuri kuliko yangu.

Nani alimwandikia sentensi ile ya kwanza?
Aliiweka wapi, kwenye pochi, ndani ya kofia,
karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa matundu?
Na mimi niliyesoma tangu nina miaka minne
siwezi kutenga mbao mbichi na kavu kwa kiganja,
wala kurasa zangu tisa hazina kisanduku cha hilo.
Taa za yadi zikawaka. Nikabaki nimekaa.

Kesho yake fomu niliiacha garini.
Nikaomba chaki. "Nifundishe kasa."
Akanitazama kitambo.
"Kasa ni ubao uliokataliwa," akasema.
"Unarudi ulikotoka. Wakati mwingine
wanaukosea. Huwa nauchomoa tena."
Akanichorea, gamba kwanza, miguu baadaye.
Wangu ulitoka kama kiazi. Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akageuza ubao upande wenye nafasi,
akanipa chaki,
akainua kidole gumba, kovu lake jeupe kama uzi.
"Hiki," akasema, chini chini,
chini ya misumeno,
"kinaandikwaje?"

Kengele ya chai ikalia, safari hii kweli.
Hatukuondoka.