Ufa

Ikifika gereji imepona.
Inanguruma sawasawa, sita kwa sita,
kama mtoto aliyelia usiku kucha
akacheka mbele ya daktari.

Lakini alfajiri, mlima wa Kibosho,
ukungu umelalia migomba,
Datsun ya marehemu baba hukwama pumzi:
moja, mbili, tatu, ruka, tano.
Kisha inaendelea kama si yenyewe.

Fundi Elingaya amebadili plagi.
Amesugua kabureta kwa mswaki mkuukuu,
amepima platini kwa karatasi ya sigara,
amemlaumu muuza petroli wa Pasua,
halafu, kwa sauti ya chini, marehemu:
"Alilipenda mno. Gari linadeka."

Wiki ya tisa nikatafuta mnunuzi.

Jana saa mbili usiku, Njoro nzima,
umeme ukakatika.
Boneti wazi, injini inazunguka,
mimi na chupa ya saluni yangu
napulizia maji pale aliponielekeza.
Elingaya akapapasa tochi.
"Usiwashe," nikamwambia.

Juu ya kifuniko cha distribyuta
uzi wa buluu, mwembamba kuliko unywele,
ulikuwa ukitembea njia isiyo yake.

Akacheka mpaka akakalia tairi.
Miezi miwili tumeutafuta kwa taa!

Leo tumekifuta kile kifuniko.
Chini ya masizi, kando ya ufa,
kuna mstari mwekundu, umekauka, umebanduka.
Elingaya akadhani ni rangi ya kiwandani.

Mimi naijua. Ni rangi ya kucha.
Mama alimtuhumu dada wa kazi.