Sahani za Shee

Hamsini! Hamsini! Kisha thelathini.
Sasa Shee hanadi tena.
Meza yake ya Mwembe Tayari yala vumbi
na filamu zisizo na mwenyewe wala rangi:
mabwana wa kofia
waliokufa babake hajatahiriwa.

Vijana wapita, shingo chini, simu viganjani.
Mmoja asimama. Ataka chaja.

Jana kaja Bi Mwanasiti wa viazi karai.
"Nipa ishirini."
"Nikujaribie?"
"Za nini? Nazitundika."

Leo zaning'inia kwa uzi juu ya mafuta,
zazunguka, zameta,
kunguru wote watawanyika

ila mmoja,
juu ya bati, kichwa upande,
atazama.

Shee, kiazi chamuunguza ulimi,
asubiri aone
kama atakaa hadi mwisho.