Lebo ya Koti

Punta Arenas, upepo ukichachamaa,
manispaa hufunga kamba kwenye kona za mitaa.
Watu wazima huzishika, huvuka wameinama
kama wanaoomba radhi.
Mimi nimevuka hivyo miaka thelathini na moja,
karani wa shule, mkoba kwapani,
funguo za ofisi shingoni.

Kazi yangu ni majina.
Saa mbili kasorobo naita, wanaitika,
natia alama kwa wino wa buluu;
asiyeitika namwandika hayupo.
Sikuwahi kujiuliza kama mtu anaweza kuketi pale,
dawati la tatu, dirishani,
akasikia anaitwa
na bado asiwepo.

Alikuja ofisini mwezi wa Juni,
mwezi ambao jua huku huchomoza saa nne.
Akasimama karibu na hita, hakuvua glavu.
Bi Mirtha, akasema, mimi ni mvulana.
Jina langu Baltazar.
Alilisema upesi, kama alipaye deni kwa sarafu ndogondogo
akihofia hazitatimia.
Nami nikajibu, Mungu anisamehe,
nikajibu kwamba mfumo haukubali.

Mfumo!
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Kesho yake nikaita lile jina la zamani
(silitaji hapa, limenichoma ulimi vya kutosha).
Huko nyuma mtu akacheka, kicheko cha puani.
Kiti kikakwaruza sakafu.
Mlango ukafunguka, upepo ukaudaka, ukaubamiza.

Tulimtafuta.
Mwalimu wa fizikia bwaloni, mpishi nyuma ya mapipa,
Antonella Vukasovic akakimbia hata koti hakuvaa.
Mimi nilimkuta kwenye kona ya duka la mikate
ameshika kamba kwa mikono miwili,
havuki, harudi.
Nikaishika kando yake.
Sikuwa na hotuba, na upepo usingeiacha ifike.
Nikaita tu: Baltazar.
Halikusikika. Nikaita tena, kwa sauti
ambayo sijaitumia tangu wanangu wawe wadogo,
mpaka mwoka mikate akatoka na unga viganjani
kutazama nani anaitwa hivyo.

Nipo, akasema.

Jina jema hung'ara gizani, husemwa.
Sijui. Giza la Juni huku ni refu.
Nilichoona ni shingo iliyonyooka kidogo,
na pua inayochuruzika, na kicheko, naam,
kwa sababu kofia yangu ilikuwa imekwishapeperuka
na hatukuiona tena.

Wiki iliyofuata akaja bibi yake, Edelmira Nahuelquín,
na kopo la nyuzi.
Jambo lenyewe silielewi, alisema, usinieleze.
Lakini shule inataka jina kwenye koti,
na mtoto asiye na koti hapa haioni Agosti.
Akaketi kwenye kiti changu.
Akafumua lebo ya zamani kwa ncha ya sindano,
uzi baada ya uzi, saa nzima, hakutumia mkasi:
kitambaa, alisema, hakina kosa.
Kisha akashona herufi nyekundu. B ilipinda.
L mbili badala ya moja.
Baltazar amekataa isirekebishwe. Nimesema vibaya:
amekataa irekebishwe. Ameipenda hivyo hivyo.

Siku hizi Jumatano wanakutana maktaba, wako saba,
nami napeleka mkate na siulizi nani ni nani;
wenyewe husema wakishashiba.
Yule wa kicheko cha puani bado yupo.
Mwezi jana alikuja mlangoni, akasimama, akaondoka.
Nimeongeza mkate mmoja.

Na baba, fundi wa mitambo ya gesi,
hupiga simu kila asubuhi ya upepo
kuuliza, kwa jina lile lile la zamani, kama amefika.
Nami namjibu: Baltazar amefika.
Kimya. Nasikia mashine nyuma yake. Hukata.
Miezi mitatu tumeimba wimbo huo mfupi.

Jana hakukata.
Basi, akasema,
mwambie afunge koti.